Elimu na Nyumba: Maandishi ya Chuo na Haki ya Kuyanakili

Muhula mpya wa chuo unapokaribia, jamaa nyingi za askari katika kambi za Nsambya, Naguru, Mbuya na Bombo huketi jioni na kufanya hesabu. Ada huwekwa kwanza, kisha kodi ya chumba cha mwanafunzi huko Kikoni au Banda, kisha posho na maharagwe, kisha nauli. Hayo yakiisha kuandikwa, daftari hufungwa kwa imani kwamba mambo yamekamilika. Wiki ya pili kijana hupiga simu: anahitaji fedha za fotokopi. Wiki ya nne hupiga tena, na wazazi wengine huanza kumshuku kwamba fedha hizo zinaishia kwenye starehe.

Aghalabu kijana husema kweli. Mtu yeyote anayeteremka kutoka lango la Chuo Kikuu cha Makerere kuingia Wandegeya atayaona maduka madogo ya kurudufu yaliyosongamana, mashine zikivuma tangu asubuhi hadi usiku. Humo kitabu kinene kilichochapishwa Uingereza au Marekani hulazwa juu ya kioo, ukurasa kwa ukurasa, na baadaye hutoka nakala iliyofungwa kwa gamba la plastiki. Humo pia hurudufiwa maandishi ya mihadhara, ambayo mwanafunzi mmoja huyaleta na wenzake hamsini huyanunua. Ichukuliwe kwamba ukurasa mmoja ni shilingi 100. Mwanafunzi mwenye masomo matano, kila somo likiwa na kurasa 200 za kusomwa, atatumia shilingi 100,000 kwa muhula mmoja. Na kwa miaka mitatu yenye mihula sita, shilingi 600,000. Mzazi anayelipwa mshahara wa konstebo aijue hesabu hiyo mapema, kabla simu haijalia.

Desturi hii haikuzuka jana. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kuwa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970, ilipata kuwa na maktaba iliyosifiwa Afrika Mashariki nzima. Kisha ikaja ile miaka ya 1970 na 1980, uchumi ukaanguka, fedha za kigeni zikaadimika, na vitabu vipya na majarida ya ng'ambo yakakoma kufika. Wasomi wa wakati huo waliita hali hiyo njaa ya vitabu. Mwanafunzi alinakili kwa mkono yale yaliyoandikwa ubaoni, na mhadhiri mwenye kitabu kimoja alikuwa ndiye maktaba. Mashine za kurudufu zilipoenea, zilipokewa kama chakula wakati wa njaa, wala hakuna aliyeuliza chakula hicho kimetoka shamba la nani.

Lakini swali hilo lipo, na sheria inaliuliza. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwandishi haki juu ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Inaruhusu matumizi ya haki, kama vile kunukuu au kutumia sehemu ya kazi kwa kufundishia. Hairuhusu mtu kurudufu kitabu kizima na kukiuza. Hivyo basi binti wa afisa wa polisi, aliyelelewa katika nyumba ya kulinda sheria, hujikuta akinunua kila muhula kitu ambacho sheria haikubali kiuzwe, kwa kuwa hana njia nyingine ya kufaulu mtihani. Kumlaumu yeye hakutasaidia. Kumlaumu mwenye duka hakutasaidia pia. Linalofaa ni kuulizia kama inawezekana kuwe na vitabu ambavyo kunakiliwa kwake ni halali tangu siku ya kuandikwa.

Inawezekana, na vipo. Mwaka 2002, katika mkutano ulioitishwa na UNESCO mjini Paris, wataalamu walivipa jina ambalo kwa Kiswahili huitwa nyenzo huria za elimu. Maana yake ni vitabu, mihadhara, mazoezi, picha na masomo ya kusikiliza ambayo mwenye haki ametangaza kwa maandishi kwamba mtu yeyote anaweza kuyatunza, kuyatumia, kuyarekebisha, kuyachanganya na mengine na kuyagawa, bila kuomba ruhusa na bila kulipa. Yafaa hapa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kitu cha bure si lazima kiwe huria. Kitabu kinachosomwa bure katika intaneti leo kinaweza kufungwa kesho. Na hata kisipofungwa, mwalimu haruhusiwi kukitafsiri wala kukirudufu kwa darasa lake iwapo mwenyewe hakusema hivyo. Uhuru umo katika idhini iliyoandikwa.

Idhini zinazotumika sana ni zile za shirika liitwalo Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Idhini iliyo nyepesi kuliko zote humtaka mtumiaji jambo moja tu, yaani amtaje mwandishi. Nyingine huongeza sharti kwamba atakayeiboresha kazi aiachie huria vilevile. Nyingine hukataza kuiuza. Mwandishi habaki mikono mitupu: jina lake hubaki, na haki ya kutambuliwa hubaki. Kila aliyekulia katika nchi ya migomba anaelewa jambo hili bila mwalimu. Jirani akiomba mche, hupewa. Shamba la mtoaji halipungui, na miaka miwili baadaye, shamba lake likipatwa na ugonjwa, mche ule ule humrudia kutoka kwa jirani.

Kampala ina mfano wake wa karibu. Tangu mwaka 2005 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kimekuwa kikishirikiana na vyuo vya Afrika katika mpango uitwao TESSA, ambao shabaha yake ni kuandika masomo ya kuwafunza walimu wa shule za msingi. Makerere na Kyambogo ni miongoni mwa vyuo vilivyoshiriki, pamoja na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Egerton cha Kenya na vingine. Wahadhiri wa Afrika wenyewe waliandika masomo ya kusoma na kuandika, hesabu, sayansi, jamii na sanaa, na stadi za maisha. Kisha kila nchi ikayarekebisha yafanane na shule zake. Yametolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, kwa idhini inayomruhusu mtu yeyote kuyarudufu. Mwaka 2009 mpango huo ulipewa tuzo ya Malkia wa Uingereza itolewayo kwa vyuo.

Mfano huu wahusu nyumba za askari kuliko inavyodhaniwa. Wake wengi wa askari, na askari wengine wenyewe kabla ya kuvaa sare, walisomea ualimu wa cheti. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliweka shahada kuwa kiwango cha chini cha mwalimu wa Uganda, hata yule anayefundisha watoto wadogo. Hivyo mama aliyefundisha miaka kumi na mitano katika shule ya kambini huambiwa arudi darasani. Husoma wakati wa likizo, huku watoto wakiwa nyumbani na sufuria ikiwa motoni. Hulipa ada kutoka katika mshahara uleule mdogo anaotaka kuukuza, na juu ya ada hulipia maandishi. Iwapo maandishi ya kozi yake yangekuwa huria, angeyapata yote siku ya kwanza, angeyaweka katika simu yake, na baada ya kuhitimu angeyatumia darasani bila hofu.

Mfano wa pili watoka katika kilimo. Makerere, pamoja na vyuo vya Ethiopia, ilishiriki katika mradi wa AgShare ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Michigan State pamoja na shirika la OER Africa. Wanafunzi wa shahada ya pili walikwenda mashambani kutafiti, na waliyoyaona yakageuzwa kuwa masomo huria, ili mwanafunzi wa Uganda ajifunze kwa mifano ya wafugaji na wakulima wa kwao badala ya mifano ya mbali tu. Huo ndio upande wa jambo hili unaosahauliwa. Watu wengi husikia neno huria wakafikiri ni kupokea vitabu vya bure kutoka Ulaya na Marekani. Kupokea si vibaya: vitabu vya OpenStax, vilivyoanza kutolewa na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani mwaka 2012, vimewafaa wanafunzi wa fizikia na hesabu ulimwenguni kote. Lakini chuo kinachopokea tu bila kuandika chake kitabaki darasa la wengine.

Sasa yaja mahali pagumu, nalo ni riziki ya mhadhiri. Katika vyuo kadhaa vya Afrika Mashariki mhadhiri huuza maandishi yake kwa wanafunzi wake. Wazazi hulalamika, na wana sababu; pengine mwanafunzi hudhani kwamba asiponunua ataonekana mkaidi. Walakini mhadhiri naye ana watoto na ana kodi ya nyumba. Alikesha usiku kuandika maandishi yale, na hakuna aliyempa hata ream moja ya karatasi. Zaidi ya hayo, anapoomba kupandishwa cheo, kinachohesabiwa sana ni makala katika majarida ya kitaalamu. Kitabu cha kufundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza aghalabu hupata alama chache. Kumwambia mtu huyo agawe kazi yake bure kwa ajili ya uzalendo, kisha kumwacha hivyo hivyo, ni dhuluma nyingine. Wanaotetea nyenzo huria vyuoni wasipolijibu jambo hili, hotuba zao zitaishia ukumbini.

Jawabu lipo katika kulipa mara moja badala ya mara elfu. Chuo kikimpa mhadhiri muda na malipo ya kuandika, na kitabu chake kikipitiwa na wenzake na kuhesabiwa anapopandishwa cheo, basi gharama hiyo hulipwa mara moja, na kila mwanafunzi wa miaka yote inayofuata hunufaika. Sheria yenyewe inalielekea jambo hili. Sheria ya 2006 husema kwamba kazi iliyoandikwa na mtu katika ajira yake ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Maana yake ni kwamba mhadhiri mwema hawezi peke yake, kwa moyo wake tu, kutangaza kuwa maandishi ya kozi ni huria. Wala chuo hakifai kumnyang'anya bila mapatano. Baraza la chuo ndilo linalopaswa kutoa sera iliyo wazi: kipi ni cha chuo, kipi ni cha mhadhiri, na kwa idhini gani vitatolewa. Bila karatasi hiyo, kila mmoja huogopa, na woga huzaa kufungia kabati.

Hata kabati za leo, ambazo ni za kompyuta, hufungwa. Makerere ina uwanja wake wa masomo ya mtandaoni uitwao MUELE, ambao mwanafunzi huingia kwa jina lake na neno la siri. Ulifaa sana baada ya vyuo kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO. Lakini mlango wa neno la siri humwacha nje mwanafunzi wa chuo cha jirani anayesoma somo lilelile, na humwacha nje mhitimu aliyemaliza jana. Upande wa utafiti mambo ni mazuri zaidi: hazina ya tasnifu za Makerere katika intaneti husomwa na mtu yeyote popote alipo. Kama tasnifu zinaweza kuwa wazi, ni vigumu kueleza kwa nini maelezo ya mwaka wa kwanza ya takwimu yawe siri.

Wapo watakaosema kwamba bila fedha za intaneti uwazi huo ni bure. Neno lao lina uzito. Kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa Julai 2018 kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii iliwaumiza wengi. Julai 2021 ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya data, ingawa sheria ilisamehe data ya huduma za elimu na tiba. Lakini hapa ndipo idhini huria inapozidi kile cha bure. Kitabu huria huchukuliwa mara moja na mtu mmoja, huwekwa katika flashi, nayo hupita mkono kwa mkono bweni zima pasipo senti nyingine. Huweza kuchapishwa pia. Yule mwenye duka la Wandegeya habaki bila kazi: kwa idhini kama ya TESSA anaweza kukirudufu mchana kweupe na kutoza gharama ya karatasi na wino. Afrika ya Kusini ilionyesha jambo hili kwa ukubwa, pale serikali yake ilipochapisha na kugawa katika shule vitabu huria vya hesabu na sayansi vya Siyavula, nakala zaidi ya milioni 2.

Mfikirie pia askari anayesoma kwa mbali. Tangu Machi 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia kwa zamu, na wengine huondoka masomo yakiwa katikati. Kitabu cha kukodi kwa kompyuta hujifunga muda wake ukiisha, na neno la siri halina maana mahali pasipo mtandao. Kilicho huria husafiri naye ndani ya begi. Na aliyerudi bila macho, maandishi ya namna hiyo yanaweza kusomwa na kurekodiwa kwa sauti ndani ya siku chache, na mke wake au mwanawe, bila barua ya kuomba ruhusa kwa mchapishaji wa London.

Kila kitu kisifunguliwe, bila shaka. Mitihani ambayo haijafanywa, habari za wagonjwa wa Mulago na miongozo ya jeshi yenye muhuri wa siri si nyenzo za elimu kwa umma, na hakuna mtetezi mwenye akili aliyewahi kudai hivyo.

Kazi ya kutetea jambo hili mpaka sasa imebebwa zaidi na wakutubi. Kupitia umoja wa maktaba za vyuo vikuu vya Uganda wamekuwa wakieleza maana ya idhini huria kwa wahadhiri na wanafunzi, na kila Oktoba wengi wao huadhimisha wiki ya kimataifa ya machapisho huria. Novemba 2019 wakapata silaha nyingine, pale mkutano mkuu wa UNESCO ulipopitisha kwa kauli moja pendekezo kuhusu nyenzo huria za elimu, likizitaka nchi wanachama kuwafunza watu wao, kutunga sera na kutafuta njia za kudumu za kugharimia kazi hiyo. Uganda ni mwanachama tangu 1962. Serikali za wanafunzi nazo zinaweza kuuliza jambo moja jepesi kila mwaka: ni kozi ngapi ambazo mwanafunzi anaweza kuzimaliza bila kununua wala kurudufu kinyume cha sheria hata ukurasa mmoja? Wazazi wana nafasi yao pia. Siku ya kupeleka kijana chuoni, baada ya kuuliza bei ya bweni, waulize mkuu wa idara kama maandishi ya kozi hiyo yanapatikana huria, na kama hayapatikani, ni lini. Swali likiulizwa na mzazi mmoja husahauliwa. Likiulizwa na wazazi mia mbili huingia katika ajenda ya kikao.

Somo moja lingeweza kuanza bila kungoja. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, na tangu baraza la mawaziri liidhinishe mnamo Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, walimu wa somo hilo wamehitajika kila wilaya, na vitabu vyao havijatosha. Askari na watoto wao, ambao wamekisema Kiswahili kambini miaka yote, ni watu wa kutegemewa katika kazi hiyo. Masomo ya TESSA ya Kiswahili yapo. Hadithi za watoto za African Storybook, zilizoanza kutolewa huria katika intaneti mwaka 2014 na kutumiwa katika maktaba za jamii za Uganda, zipo kwa Kiswahili, Kiganda, Kinyole na Kilugbara. Mwanachuo wa ualimu wa Kyambogo anaweza kuchukua hadithi moja usiku huu, akageuza jina la kijiji kiwe Masindi au Moroto, akaongeza maswali matano chini yake, akaandika jina la mtunzi wa kwanza na jina lake mwenyewe, na Jumatatu asubuhi akarudufu nakala arobaini kwa darasa la mazoezi.